Yule wa kwenye klipu naye ni mtoto wa mtu

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeiona, marahaba. Nimeiona na ile klipu uliyotupia kwenye grupu la familia jana usiku, droni inamfuata askari wa Kirusi anakimbia kwenye majani makavu, anajikwaa, anageuka kuangalia juu, anainua mkono kama anaomba, afu moshi. Na chini yake emoji tatu za kucheka mpaka machozi. Binamu zako nao wakadandia humo humo. Nikasema ngoja nikuandikie pembeni, ushakuwa mtu mzima sitaki kukusema mbele za watu.

Tusije tukabishana bure, nani kaanza najua. Urusi ndo iliyoingia Ukraine na vifaru vyake Februari 2022, Ukraine haikwenda Moscow kumchokoza mtu. Kwa hiyo sikwambii eti wote sawa tu, aliyevamia kavamia na wenye kulipa walipe. Mi naongelea yule aliyekuwa anakimbia.

Babu yako unajua alienda vita ya Kagera ila hukuwahi kukaa nae akakusimulia, alikuwa hasimulii hovyo. Alikuwa mgambo huku Kongwa, Mwalimu alipotangaza Novemba 1978 kwamba tunampiga Amin wa Uganda wakabebwa, huyo mpaka Kyaka, wanakuta daraja limelipuliwa, nyumba zimechomwa, ng'ombe wa watu wameswagwa, wananchi wamekufa hawana hata wa kuwazika. We fikiria Mgogo anaambiwa ng'ombe wote wa kijiji wameondoka! Amin alimchukia mpaka anaingia kaburini, jina likitajwa redioni anatema mate chini.

Lakini ukimgusia Masaka, ule mji wa kule Uganda, anakuwa mtu mwingine. Tulivyoingia Masaka Februari 1979 ule mji ulivunjwavunjwa kulipiza ya Kagera, na hapo nasema tulivyoingia maana walikuwa ni wa kwetu. Anasema alimwona mama mmoja, duka lake halina paa wala ukuta wa mbele, kachuchumaa anaokota mchele uliochanganyika na vioo, anatenga punje kwa punje anaweka kwenye kitambaa, askari wanapita na bunduki hata hawaangalii. Babu yako akawa anasema, yule mama hajavuka mto, yule hajaswaga ng'ombe wa mtu, na huyo huyo Amin kawatesa wao tangu 1971 kabla hajatufikia sisi. Afu kingine, jeshi la Amin lilikuwa linatumia Kiswahili. Sasa mateka anakwambia "kaka, maji", unafanyaje? Huwezi kujifanya hujasikia. Kuna kijana walimkamata akalia usiku kucha anamtaja mama yake, na wao walinzi wote wanaelewa kila neno, asubuhi hakuna aliyekuwa na hamu ya uji.

Na huko Ukraine ni hivo hivo, wengi tu wanakielewa Kirusi tangu utotoni, wakisikia wenzao wa upande wa pili wanalia hawahitaji mkalimani.

Mi kinachoniuma zaidi ni kwamba wale ni wakulima wenzetu. Ukraine na Urusi ndo zinaongoza dunia nzima kwa alizeti, hii hii tunayokamua hapa. Wewe ulikuwepo 2022 petroli ilipopita shilingi 3,000 lita na mafuta ya kula hayashikiki, watu pale mashineni wakawa wanataniana eti vita iendelee bei ya alizeti isimame. Utani tu, njaa ina maneno yake. Lakini huko shamba linabaki halijavunwa limejaa mabomu ya ardhini, na mwenye shamba yuko kwenye handaki. Upande wa Ukraine wanaume wa miaka 18 mpaka 60 walikatazwa kutoka nje ya nchi. Upande wa Urusi Septemba 2022 Putin akaita watu 300,000 wa akiba, na maiti nyingi zinarudi sehemu maskini za mbali kama Buryatia, sio kwa watoto wa mawaziri. Khaa, sijawahi kusikia vita inayoanza na mtoto wa waziri.

Afu umemsahau kijana wetu? Mtanzania kabisa, alienda kusoma Moscow, akafungwa, huko jela wakamwambia ukienda kupigana tunakuachia huru, akaenda, akafa Ukraine Oktoba 2022, mwili ukaja kufika huku Januari. Wale Waukraine waliompiga walikuwa wanalinda nyumba zao, siwalaumu. Ila kwenye droni yule alionekana Mrusi tu kama Warusi wengine. Ungeletewa klipu yake bila kuambiwa ni nani, ungeweka emoji gani?

Usinijibu haraka haraka, najua unavyopenda kujitetea. Na huruma siyo kwamba unageuka upande, babu yako Siku ya Mashujaa alikuwa anavaa shati lake jeupe anakaa redioni toka asubuhi, wala hakujuta kwenda. Ila mbele yake humcheki maiti, awe wa nani. Mjomba wako aliwahi kujaribu, alilambwa kofi na ana watoto wawili tayari.

Hiyo klipu ifute, kwa shangazi yako watoto ndo wanashinda na simu. Hela ya kodi nakutumia nikishauza mashudu, mwenye nyumba mwambie avumilie kidogo. Na mafuta, lita tano nimempa yule mama wa jirani anakuja Dar na basi la alfajiri, kampokee Mbezi, usimwachie asubiri na mizigo.

Mama yako