Likizo ya Agosti, tupande Kakamega

Mhariri,

Shule zikikaribia kufungwa mwezi Agosti, wazazi wengi hapa Kisumu huanza kuhesabu nauli ya Mombasa. Sina ugomvi na bahari. Lakini anayekimbia joto la ziwani anafuata nini pwani, ilhali Kakamega iko hapo juu tu, kilomita 50 hivi kwa matatu?

Msitu wa Kakamega ni mabaki ya msitu wa mvua uliotandaa zamani kutoka Kongo, na nchini hauna mwenzake. Mbega wanaruka juu, vipepeo wamejaa chini, na kivuli ni kizito hata saa sita mchana. Beba sweta na mwavuli. Mvua ya alasiri huko haina adabu. Njiani simameni Ilesi muone Jiwe la Kulia, linalotiririka maji kama machozi. Mkibahatika mtakuta mafahali wakipigana Khayega au Shinyalu, ingawa watoto wadogo wakae mbali.

Wahusika nao waongeze vibao vya kuelekeza wageni, na ada za msituni zibandikwe mahali zinapoonekana, ili mzazi ajue bajeti kabla hajafika langoni.

Mzazi,
Kisumu