"Na wengineo": barua kwa mwanangu Zuhura

Pumwani, Nairobi
Jumatatu, 27 Januari 2025

Mwanangu Zuhura,

Salamu sana. Sisi huku hatujambo, ila babako na lile goti lake, na hofu yetu ni juu yako uliye mbali. Alhamisi uliponipigia nilikuwa nachambua mchele, sinia mapajani, simu nimeibana kwa bega, na kwa ukali ulioanza nao nikadhani umeibiwa huko Cape Town. Kumbe ni Oscar. Majina yalikuwa yamesomwa jioni ile, baada ya kuahirishwa kwa sababu ya ile mioto ya Los Angeles, na Lupita Nyong'o, aliyempa sauti roboti wa filamu ya katuni The Wild Robot, hakumo. Ukasema ni dharau. Ukasema ni yale yale ya kutunyima sisi weusi. Halafu salio likaisha, au ulikata, sijui.

Nimekaa na hasira yako siku nne. Najibu kwa kalamu maana kwenye simu hunipi zamu.

Tuanze na hesabu. The Wild Robot haikunyimwa. Imetajwa mara tatu: filamu bora ya katuni, muziki wa Kris Bowers, na sauti. Hapo penye "sauti" nilicheka peke yangu jikoni. Tuzo hiyo ni ya mafundi, wale wanaonasa na kuchanganya, kazi hiyohiyo unayoisomea. Yaani waliokinga maji wametajwa, kisima hakikutajwa. (Usikasirike, fundi wangu, nakutania.)

Kiti cha mwenye koo hakipo, mama. Tangu tuzo hizo zianze 1929, hakuna mwigizaji aliyewahi kuteuliwa kwa sauti peke yake. James Earl Jones, aliyefariki Septemba iliyopita, ndiye aliyekuwa sauti ya Mufasa, yule baba simba wa The Lion King, mwaka 1994, na ya Darth Vader wa Star Wars kabla ya hapo. Jina lake liliingia kwenye orodha ya waigizaji mara moja tu maishani, na ni kwa filamu ambayo uso wake unaonekana. Baadaye walimpa sanamu ya heshima, uzeeni.

Na mimi na wewe tusijifanye watetezi wa zamani. Machi 2014 uliamka alfajiri ukiwa na sare ya shule mwilini tayari, tukamwona Lupita akiipokea yake ya 12 Years a Slave, na vigelegele vilisikika nyumba hadi nyumba. Usiku uleule, ukumbi uleule, ilikuwemo Her, inawania filamu bora, na ndani yake Scarlett Johansson haonekani hata ukucha. Ni sauti tu mwanzo hadi mwisho. Wa Golden Globes, tuzo nyingine za filamu huko Marekani, walisema hastahili kushindanishwa, ingawa tamasha la filamu la Roma lilikuwa limeshampa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Kuna mtu Majengo nzima aliyemlilia Scarlett? Mimi sikumlilia, na mimi ndiye niliyepaswa.

Maana wewe ni kitinda mimba, mengi hukuyakuta. Unajua niliigiza redioni, lakini unalijua kama mtu anavyojua kwamba mamake alicheza netiboli shuleni. Nilifanya kazi hiyo miaka 13. Tulikuwa tunasimama watu watano mbele ya maikrofoni moja. Ukitoka mlangoni, unarudi nyuma hatua tatu huku unaongea. Moto ulikuwa karatasi ya peremende inayokunjwakunjwa, na barabara ilikuwa beseni la changarawe lenye viatu ndani. Nilikuwa mama mkwe, nilikuwa mganga, na kwa miaka miwili nilikuwa mvulana wa miaka saba. Nilipokuwa na mimba ya kakako Salim bado nilikuwa yule mvulana, tumbo limegusa meza.

Watu hudhani sauti hutoka kooni. Yule mvulana alitoka kwenye vidole vya miguu. Ilinibidi nichuchumie na kuinua kidevu, kwa kuwa mtoto akisema na mkubwa hutazama juu, na shingo ikivutika sauti nayo huwa nyembamba. Bikizee nilimfanya nikiwa nimekaa kigoda cha chini, kokwa ya tende chini ya ulimi. Nikirudi nyumbani kiuno kinauma kama nimetoka kufua blanketi.

Siku moja kwenye matatu ya namba 46 nikamwambia makanga, "Nishushe hapo mbele, kijana." Akageuka, akanitazama, akapiga ubavu wa gari kwa kiganja. "Wewe ndiye mama mkwe!" Abiria wote wakacheka, mzee mmoja akaniuliza kwa nini nilimtesa yule mke wa mwanangu. Hakunidai nauli. Hiyo ndiyo tuzo yangu, na sikuambii haya unionee huruma.

Lakini kila mchezo ulipokwisha, mtangazaji alisoma jina la mwandishi, jina la mtayarishaji, kisha mwigizaji mmoja au wawili, halafu akamalizia: "na wengineo." Miaka 13 mimi nilikuwa wengineo. Stesheni sitaitaja. Nyanyako, Mungu amrehemu, alikuwa akikaa karibu na redio hadi mwisho kabisa, akingojea, kisha anaizima bila kusema neno. Lile la kuizima ndilo lililokuwa likiniuma.

Sasa kuhusu Lupita. Nilimpeleka Idi kuiona hiyo filamu mwezi wa Oktoba. Yule roboti, Roz, mwanzoni anaongea kama ile mashine ya kampuni za simu, kwa Kiswahili bonyeza mbili, uchangamfu usio na mtu ndani. Anaangukia kiota cha bata bukini, linabaki yai moja, na kinda likianguliwa linamfuata yeye. Nilifumba macho makusudi. Nikasikia uchangamfu ule ukipungua kidogo kidogo, maneno yanaanza kusita, sauti inashuka. Hakuna mahali unapoweza kuweka kidole useme hapa ndipo alipobadilika. Idi akanivuta mkono: "Nyanya, roboti ameanza kupumua?" Ana miaka sita. Roboti hana mapafu, Zuhura. Pumzi ile ilikuwa ya mtu aliyesimama chumbani mbele ya maikrofoni, kama nilivyosimama mimi.

Kwa hiyo tunakubaliana kwamba ni uigizaji. Tunapotofautiana ni hilo la rangi. Mwaka huu Cynthia Erivo yumo, Colman Domingo yumo, Zoe Saldaña yumo, na wote ni weusi. Ukitaka kugomba kwa ajili ya rangi, gomba kwa ajili ya Marianne Jean-Baptiste wa Hard Truths, ambaye wakosoaji wa New York walimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike Desemba, na uso wake umejaa kwenye kila picha. Huyo wamemruka wakimwona. Na usisahau kwamba waigizaji ndio wanaoteua waigizaji. Sauti ya Lupita imerukwa na watu wa kazi yake mwenyewe, wanaojua kiuno kinavyouma. Wale wa Annie, tuzo za watu wa katuni, wana kiti cha sauti, na wamemwandika.

Nawi, filamu yetu ya Turkana ambayo Kenya iliipeleka kuwania tuzo ya filamu ya kimataifa, nayo iliishia njiani tangu Desemba, haikuingia hata kwenye zile 15 za mchujo wa kwanza. Nilitarajia. Nchi hii haijawahi kufika kwenye tano za mwisho za kimataifa, na watu hukumbuka kuuliza kila Januari, kisha basi.

Jambo moja limenishika mwaka huu. Yule Fernanda Torres wa Brazil ameteuliwa kwa I'm Still Here, na mamake, Fernanda Montenegro, aliteuliwa 1999 akakosa. Mama huyo yumo pia katika filamu ya bintiye, anamwigiza mwanamke yuleyule akiwa mzee ambaye ugonjwa umemfuta kumbukumbu. Hasemi. Anaonekana tu. Sijaiona bado, na nikiiona sijui kama nitavumilia.

Sasa sikiliza. Tepu za stesheni zilirekodiwa juu yake michezo mingine, maana tepu zilikuwa ghali. Ila babako aliwahi kunasa kipindi kimoja kwa kaseti, redio imewekwa dirishani, na nimeipata ndani ya sanduku la vyombo vya harusi. Binamu yako anasafiri Februari, nitampa akuletee. Mvulana ni mimi. Bikizee pia ni mimi, na wanazungumza wao kwa wao, kwa hiyo utanisikia nikijigombeza. Najua utataka kuisafisha kwa mashine zenu. Ondoa mikwaruzo ukipenda, lakini yule kuku anayelia katikati mwache, alikuwa wa nyanyako. Na mwisho kabisa, baada ya "na wengineo", kuna mlio mdogo, tak. Usiukate. Ni yeye anaizima redio.

Piga simu, lakini si saa ya taarifa ya habari, babako hukasirika.

Mamako.