Mafundisho ya ndoa yatuulize na utoto wetu

Mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini kwako, hili jambo nimekaa nalo muda mrefu.

Nikiwa na miaka 6 mama aliniacha kwa shangazi, akasema anaenda Dar anarudi Jumapili. Alirudi baada ya miaka minne. Shangazi hakunitesa, nisimsingizie, nilikula nikashiba na shule nilienda, ila ukimuulizia mama unaambiwa nyamaza, mtoto wa kiume halii, basi nikajifunza kutouliza, na nikajifunza kwamba mtu akikuambia narudi usimsubiri.

Hilo ndo lilikuja kunitafuna ukubwani. Nikimpenda mtu akichelewa tu kujibu meseji, mimi moyoni nishafunga mizigo. Nilivunja uchumba mara mbili, wote wasichana wazuri tu, wala hawakunikosea. Hata na mke wangu tukikwaruzana nilikuwa naweza kumaliza siku tatu sijatoa neno, yeye anajua nimenuna, kumbe mwenzie niko kule kibarazani kwa shangazi naangalia barabara.

Kuna watakaosema haya mambo ya kizungu. Jamani, Mary Ainsworth, mmoja wa wataalamu walioweka msingi wa elimu hii ya mtoto na mlezi wake, alianza kazi hiyo hapo jirani Uganda, 1954 na 1955, vijiji vya karibu na Kampala, akiingia kwenye familia 26 kuangalia mama wanavyokaa na wachanga wao. Akaona mtoto ambaye mama anamwelewa akilia ndo huyo huyo anayethubutu kutambaa mbali kwenda kucheza, halafu anageuka kucheki kama mama bado yupo. Yaani anayejua ana pa kurudi ndo anaweza kwenda. Mshauri nasaha aliponielezea hivyo nilishindwa kujizuia, nikalia mbele yake.

Mama simlaumu. Mwaka juzi nilijikaza nikamuuliza, akasema alikuwa dada wa kazi, mwajiri hakutaka mtoto ndani, na kila wiki alikuwa anajiambia wiki ijayo. Tukalia wote wawili. Haijaisha pale, ila ililegea.

Na mke wangu tumekubaliana, nikihisi naanza kujifunga namwambia "nipe nusu saa, narudi", halafu narudi kweli hata kama sina cha kusema. Mwanzoni nilishindwa sana, imechukua kama mwaka mzima. Kwa aliyelelewa nyumba yenye amani hiki ni kitu kidogo, kwangu kilikuwa mlima.

Sasa ombi langu. Wakati wa mafundisho ya ndoa tuliulizwa cheti cha ubatizo, mahari, watoto wangapi, tukaambiwa tukapime. Mwenzangu kwenye kicheni pati akafundwa kupika na kumtunza mume. Hakuna hata mmoja aliyetuuliza nyie mmelelewaje, ukilia nani alikuwa anakuja? Na ule utafiti wa kitaifa wa 2009 hapa Tanzania ulionyesha karibu robo tatu ya vijana walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18, na waliohojiwa walikuwa wa miaka 13 hadi 24, ndo hao leo wameoana wana watoto, na wengine ndo wamekaa kwenye yale mabenchi ya mafundisho wanasubiri kuulizwa mahari.

Mapadre, wachungaji, mashehe, makungwi na masomo wetu, tengeni jioni moja tu kwa hilo swali. Na anayefungua kubwa, kupigwa au kubakwa, msimwambie samehe usahau, mpelekeni kwa mtaalamu na mfuatilie kama amefika.

Mimi kwetu nimeshamfuata katekista. Kanipa nusu saa kwenye kundi la mwezi ujao.

Msomaji wako,
Tanga