Barua kwa mwanangu: umepewa dakika 10 kanisani

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia umepangiwa kutoa neno Jumapili ijayo, tena juu ya msamaha. Najua tumbo limeshaanza kukusokota. Musa naye alimwambia Mungu kwamba yeye si msemaji, ulimi wake mzito (Kutoka 4:10), na bado alitumwa. Kwa hiyo ya woga tuyaache, tuzungumze kazi.

Msamaha hauenei katika dakika 10. Ukitaka kuusema wote utawakimbiza watu toka Mwanzo hadi Ufunuo, na watarudi nyumbani bila kushika hata kimoja. Chukua kifungu kimoja, ukae nacho. Tuseme Luka 15, habari za mwana mpotevu. Hata humo usibebe yote. Soma aya ya 18 na 19: kijana yuko mbali, anapanga maneno atakayomwambia baba yake, na anayamalizia kwa ombi la kufanywa kama mmoja wa watumishi. Sasa nenda aya ya 21, amefika. Anaungama vilevile alivyopanga, ila lile ombi la mwisho hafiki kulisema, maana baba ameshaagiza vazi, pete na viatu. Hapo una ujumbe mzima: mkosaji alikuja na masharti ya kujishusha, mwenye kusamehe hakuyangoja. Wengi wamekisikia kisa hiki tangu utotoni na hilo hawajaliona. Waoneshe.

Kisha andika, lakini andika kama unavyoongea. Soma kwa sauti, umesimama, simu ikihesabu muda. Ukisoma kimoyomoyo utadhani una nafasi ambayo huna. Muda ukizidi, kata utangulizi kwanza. Na yale ya "mimi sistahili kusimama hapa, sikupata muda wa kujiandaa" yafute kabisa. Kama hukujiandaa, wataona wenyewe.

Ushuhuda wako utawagusa kuliko nukuu yoyote, ila kwa somo hili uwe mwangalifu sana. Ukisimulia jinsi ulivyomsamehe fulani, hata usipomtaja jina, watu wataanza kugeuza shingo wakimtafuta, na huenda mwenyewe ameketi benchi la tatu. Huko ni kumshitaki hadharani huku ukijiita msamehevu. Simulia pale wewe uliposamehewa. Na kama ni habari ya nyumbani kwetu, mwombe ruhusa dada yako kwanza, unamjua.

Siku yenyewe nenda na karatasi, herufi kubwa. Skrini ya simu hujizima katikati ya sentensi, au ujumbe unaingia. Kipaza sauti usikipulize wala kukigonga. Kisogeze usawa wa kidevu, anza. Andiko lisome polepole kuliko unavyodhani inafaa. Katika Nehemia 8:8 Walawi walisoma kwa kusikika, wakaeleza maana, watu wakaelewa. Mpaka leo sijaona utaratibu bora kuliko huo. Macho yako yafike hadi kwa waliokaa nyuma kabisa, maana ndio wa kwanza kusinzia.

Na heshimu muda. Paulo mwenyewe alihubiri kule Troa mpaka usiku wa manane, kijana Eutiko akalala dirishani akaanguka kutoka ghorofa ya tatu (Matendo 20:9). Akarudishiwa uhai, ni kweli, lakini wewe usitegemee hilo. "Kwa kumalizia" iseme mara moja tu, kisha amina, ukae.

Nipigie Ijumaa jioni unisomee yote. Sitakukatiza. Ukimaliza nitakwambia kwa sentensi moja nilichosikia, na kama sicho ulichokusudia, Jumamosi bado tutakuwa nayo.

Mama yako