Risala ya Wastaafu wa Reli na Meli za Iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa Mgeni Rasmi, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa serikali na wa dini,
Wajane na watoto wa wenzetu waliotangulia mbele ya haki,
Vijana wetu mlioko kazini,
Mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wazee wenzangu, ninakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu pamoja na majukumu mengi uliyonayo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuliajiriwa wakati ambapo Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa na mwajiri mmoja. Mkataba uliotiwa saini Kampala mwezi Juni 1967 uliiweka Jumuiya makao makuu Arusha, na mashirika yake yakagawanywa: reli na ndege Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala. Kijana wa Magu aliweza kupangiwa kazi Kisumu, akapewa kota jirani na fundi wa Jinja, na watoto wao wakakua pamoja.

Kazi tunayoikumbuka kuliko zote ni ya meli za mabehewa, MV Umoja na MV Uhuru, zilizounganisha reli za Mwanza, Kisumu na Jinja. Behewa lilisukumwa na injini hadi ndani ya meli, juu ya reli zilizolazwa sitahani, kisha likafungwa kwa minyororo. Upakiaji ulihitaji macho na subira, kwa sababu uzito ukielemea upande mmoja meli hulala, na ziwa letu likichafuka halimsubiri mzembe. Aliyeyapokea mabehewa hayo ng'ambo alitegemea mnyororo aliokaza mtu wa nchi nyingine, ambaye pengine hakuwahi kuonana naye. Kuaminiana huko ndiko kulikokuwa utumishi wetu, na ndiko tunakotaka kukumbukwe.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa hadi 1983, Umoja ikabaki kwetu na Uhuru ikabaki Kenya. Wenzetu waliokuwa ng'ambo walirudi na masanduku yao, wakiacha marafiki, na wengine ndugu wa kuoleana. Iliuma, na hadi leo inauma. Hata hivyo, chini ya Shirika jipya la Reli Tanzania, treni ziliendelea kutembea na meli kung'oa nanga, kwa kuwa abiria na mizigo ya wananchi havikuweza kungoja.

Tulifurahi Jumuiya ilipofufuliwa kwa mkataba wa Arusha wa 1999, na tulifurahi tena mwaka 2024 treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Lakini kila tunapomzika mwenzetu, tunazika pamoja naye ujuzi ambao haukuandikwa popote. Kwa hiyo tunaomba, kupitia kwako, maofisa vijana waje wakae nasi na kurekodi maelezo yetu tungali na kumbukumbu, na madaftari ya safari, picha na vyeti vilivyomo majumbani mwetu vipatiwe mahali salama pa kuhifadhiwa. Tunaomba pia suala la matibabu ya wastaafu na wajane litazamwe kwa jicho la huruma, maana wengi wetu sasa miguu na macho vimechoka.

Orodha ya wazee walio tayari kuhojiwa tumeiambatisha pamoja na risala hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.