Jumapili hii tunakunywa chai ya majani mazima

Ndugu wanakikundi, assalamu alaykum na habari za asubuhi.

Nawakumbusha kuwa Jumapili hii, saa kumi alasiri, tutakutana nyumbani kwangu Mikindani, na safari hii namwomba kila mwenye buli au vikombe vya kauri alivyoachiwa na bibi yake avitoe kabatini aje navyo, kwa maana vilitengenezwa ili vitumike.

Chai itakuwa ya majani mazima, si ile ya chengachenga tuliyozoea kuichemsha sufuriani pamoja na maziwa. Majani mazima yanataka nafasi na subira: tutapasha buli kwa maji ya moto na kuyamwaga, tutatia kijiko kimoja cha majani kwa kila kikombe, tutamimina maji yaliyotoka kuchemka, kisha tutafunika kwa dakika 4 kabla ya kuchuja. Yakikaa sana huwa machungu, na sukari haifichi uchungu huo.

Tafadhali kagueni vyombo mapema. Chombo cha zamani ambacho ung'avu wake umepasuka au kubanduka kije kutazamwa tu, kwa sababu vingi vilipakwa rangi zenye madini ya risasi. Weusi wa chai ndani ya buli huondoka kwa magadi na maji ya moto; msisugue kwa steelwaya, hasa penye mstari wa dhahabu.

Pwani yetu inaijua kauri tangu kale, na vigae vya vyombo vya Uchina vimepatikana Kilwa Kisiwani.

Korosho za kukaanga nitaandaa mimi.