Tangi la samaki wa bahari lisiharakishwe kwa ajili ya ufunguzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie desturi ya baadhi ya hoteli na mikahawa ya hapa Mombasa ya kujenga matangi makubwa ya maji ya bahari na kuyajaza samaki wa mwambani siku mbili tatu kabla ya wageni kualikwa. Hivi karibuni niliitwa kutazama tangi la lita 2,000 katika hoteli ambayo sitaitaja. Samaki 32 walikuwa wametiwa kwa mkupuo mmoja. Siku ya sita walibaki wanne, nao wakitweta karibu na uso wa maji. Mwenye hoteli alishikilia kwamba ameuziwa samaki wagonjwa. Maji yenyewe yalikuwa maangavu kabisa, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika, kwa kuwa sumu ya amonia haionekani kwa macho.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yao, na chakula kinachooza huiongeza. Katika tangi lililokomaa, bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wa kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huota polepole juu ya mawe, mchanga na chujio, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kufikia wingi unaotosha. Isitoshe, kwa kuwa maji ya bahari yana pH (kipimo cha uchachu) ya 8 na zaidi kidogo, sehemu ya amonia iliyo kali huwa kubwa kuliko katika matangi mengi ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Kwa hiyo mtu aliyezoea kufuga sato asidhani kwamba uzoefu huo unamtosha.

Kinachotakiwa ni kupanga mawe na mchanga, kutia maji yenye chumvi gramu 35 hivi kwa lita, kuwasha pampu, kuweka joto la nyuzi 25 au 26, kisha kutumbukiza kipande cha nyama ya kamba wa baharini kioze humo, na kupima maji kila baada ya siku mbili. Amonia itapanda, nitriti itafuata, na zote mbili zikisharudi sifuri ndipo samaki mmoja au wawili watiwe, na wengine wafuate baada ya majuma mawili. Utando wa kahawia utakaofunika mchanga usimtishe mtu. Samaki aina ya kangaja watiwe mwisho, maana wakitangulia huliona tangi lote kuwa lao na kumfukuza kila mgeni. (Anayechota maji baharini achote wakati maji yanajaa, mbali na hori, wala si katikati ya masika, na yakipungua kwa kukauka aongeze maji yasiyo na chumvi, kwani chumvi haikauki pamoja nayo.)

Matumbawe yangoje miezi kadhaa. Kwa vile matumbawe magumu yamo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, anayeahidi kuyaleta kwa kikapu kutoka mwambani aulizwe kwanza kibali chake.

Samaki hawa hawazalishwi kiwandani. Wengi hunaswa mmoja mmoja na wazamiaji wa sehemu kama Shimoni na Kanamai, na sioni sababu ya kuwatoa mwambani wakafe ukumbini kwa sababu kadi za mwaliko zimeshachapishwa. Napendekeza wenye hoteli waandike katika mkataba na fundi kwamba siku ya kutia samaki itaamuliwa na vipimo vya maji, na sherehe, ikibidi, ifanyike mbele ya mawe matupu.

Mwenye hoteli niliyemtaja amekubali kuanza upya, na samaki wake wanne wamehifadhiwa kwingine. Jumatatu iliyopita amonia ilikuwa imeshuka, lakini nitriti bado ilikuwa juu, na wageni wake wanaendelea kumwuliza samaki wako wapi.

Wako mtiifu,
Msomaji wa siku nyingi,
Mombasa.